Biri za Kumuaga Kapera

4 Machi

Kaka Pua,

Salamu kutoka kwangu, kinyozi wako wa zamani. Najua ukiuona mwandiko huu utaigeuza bahasha mara mbili kabla ya kuifungua, na pengine utaiweka kando unywe chai kwanza. Kunywa. Miaka sita imepita bila neno kati yetu, chai ya dakika kumi haitaniua.

Nina shida, na mwenye shida haoni aibu. Rafiki yangu mmoja anaoa. Ana miaka hamsini na moja na hajawahi kuoa. Tulishamkatia tamaa kama saa iliyoanguka majini. Sisi wenzake tumeamua kumfanyia karamu ndogo ya kumuaga ukapera, Jumamosi ya tarehe tisa Mei, uani kwangu nyuma ya kibanda cha kunyolea, kuanzia saa tisa alasiri. Tumeiweka mchana kwa sababu katika umri wetu jua likizama kila mtu anaulizia mto wake.

Tulipomuuliza anataka nini, alisema hataki muziki wala makelele. Anataka biri. Si sigara za pakiti, la, zile nene za jani tupu la tumbaku. Hajavuta hata moja maishani mwake, ila anasema anapenda harufu yake.

Basi tukaenda dukani, mimi na daktari wa meno. Muuzaji akauliza, "Mnataka kali, ya kati au laini?" Tukatazamana kama watu walioletewa mtihani wa darasa lingine. Tukanunua yenye karatasi ya dhahabu. Daktari alikohoa mpaka nikamfungua kola. Harufu yenyewe ilikuwa ya kandambili iliyoangukia motoni.

Wewe ndiye unayepanga majani kiwandani kwa kunusa tu. Nisaidie kuchagua. Tutakuwa wanne.

Ni mimi,
Wembe

12 Machi

Bwana Kinyozi,

Barua yako nimeipata. Nitakujibu kuhusu biri, kwa kuwa ndicho ulichouliza.

Karatasi ya dhahabu haivutwi, kwa hiyo msinunue kwa ajili yake. Shika biri katikati kwa vidole viwili, uibonyeze taratibu kama unavyobonyeza parachichi la watu dukani, huku mwenyewe anakutazama. Ikibonyea kidogo kisha ikarudi, ni nzima. Ikilia kama jani kavu, imekaa sana juani. Ukikuta mahali pagumu kama fundo, msokotaji alikuwa na haraka siku hiyo, na moshi hautapita. Tazama jani la nje. Liwe limekaza, lisiwe na mshipa mnene kama wa mkono wa mzee. Kisha inuse upande wa kuwashia, kabla ya moto. Kama hujapenda hapo, moto hautakubadilisha moyo.

Moshi wa biri haumezwi. Unakaa mdomoni, unauonja, unautoa. Huyo daktari wako aliumeza, ndiyo maana alikohoa.

Zaidi ya hapo siwezi kukuchagulia bila kujua midomo. Biri huchaguliwa kwa mtu, kama viatu. Niandikie hao wanne ni watu wa namna gani.

Wako,
Mkaguzi wa Majani

17 Machi

Kaka,

"Bwana Kinyozi"! Haya, nimelipokea, nimeliweka mfukoni.

Midomo ndiyo hii. Daktari wa meno hunywa chai bila sukari na husema bila kupumzika, anachoshika atakitafuna. Wa pili ni mwalimu wa kwaya, kaka wa bibi harusi. Ana kifua cha fahali lakini anaiogopea sauti yake kama bibi anavyoogopea vikombe vya wageni. Mimi unanijua: ninamaliza kila kitu kabla ya wenzangu, hata msalani.

Bwana harusi ni mtulivu. Hula polepole, hunusa chakula kabla ya kukitia mdomoni, na akiwa kazini huimba puani wimbo usio na mwisho. Ni fundi wa mitambo.

Bibi harusi je? Ni muuguzi, mwanamke wa maana, mwenye sauti ya kuamrisha homa iondoke. Walivyokutana ni hadithi. Alinasa ndani ya lifti ya hospitali saa mbili nzima. Huyu mwenzetu akawa nje anahangaika na milango, na ili dada asiogope akawa anamsemesha kupitia mwanya. Wakasemeshana habari za utotoni, za viatu vinavyobana, za kwa nini mtu hupika wali mwingi hata akiwa peke yake. Mlango ulipofunguka, dada akamtazama toka chini mpaka juu, akasema, "Kumbe ndiyo wewe. Kwa sauti nilidhani mfupi." Wiki ya pili ikawa eti lifti ile inahitaji kukaguliwa kila siku.

Tuchagulie, kaka.

Wembe

25 Machi

Wembe,

Katika nchi nzima, mafundi lifti warefu, wanaoimba puani, waliofika miaka hamsini na moja bila kuoa, ni wangapi? Ni Ngazi huyo. Hujajua kuficha tangu tulipolala chumba kimoja. Hata usingeitaja lifti, nilikwisha kujua kwa barua ya kwanza, pale uliposema hajavuta lakini anapenda harufu. Nilipokuwa kibarua wa ghala la tumbaku pale mjini, nilikuwa nikirudi jioni Ngazi ananivua koti begani na kulitundika upande wa kitanda chake. Mama yake akamwambia, "Wewe utaoa koti."

Basi nakujibu. Mpe daktari biri fupi na nene, ya kati, aitafune apendavyo. Mwalimu wa kwaya mpe nyembamba, laini, yenye jani la rangi ya chai ya maziwa. Wewe chukua ndefu kuliko zote, labda itakufundisha kusubiri.

Ya Ngazi sichagui. Aingie dukani mwenyewe.

Unajua mama yule alikuwa nani kwangu. Nilifika mlangoni kwake na sanduku moja na viatu vya kuazima, natafuta chumba cha kupanga. Akanipa chumba cha nyuma, nawe ukanifuata mwaka uliofuata, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa mpangaji. Miaka tisa nimekula mezani kwake. Akiniita, aliniita "mkubwa", kwa kuwa nilimzidi Ngazi miaka minne. Alipofariki, mwanawe hakuniita kumzika. Niliambiwa na dereva wa lori, miezi mitatu baadaye, mguu mmoja ukiwa ndani ya lori na mwingine nje. Nikamwandikia Ngazi siku ileile. Hakujibu. Nikasema basi, kumbe nilikuwa mpangaji.

Karamu njema.

Mkaguzi wa Majani

30 Machi

Kaka,

Barua hii nimeianza mara tano. Nimefunga kibanda na nimegeuza kioo kitazame ukuta.

Ngazi alikuita.

Mama alipofariki ilikuwa Jumatatu asubuhi. Ngazi alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Iliandikwa hivi: "Mama ametutoka. Tunakusubiri." Akaniambia, "Wembe, kimbia posta, kampelekee Pua simu ya maandishi." Nilikwenda. Posta ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana. Nikasema nitarudi saa nane. Nikarudi nyumbani, nikakuta watu wamejaa, nikapewa kazi ya viti, kisha ya maji, kisha ya kutafuta gari. Karatasi ikakaa mfukoni.

Jumatano ilipangwa tuzike. Ngazi akasema, "Hatuziki leo, Pua hajafika." Kaka, hapo ndipo nilipoukumbuka mfuko wangu. Ningesema palepale ingekuwa aibu ya siku moja. Lakini kutoka kwako ni safari ya siku mbili, na watu wote walikuwa wanatazama barabarani. Aliponiuliza, "Ulituma?" nikasema, "Nilituma." Tulizika Alhamisi. Ngazi alisimama mpaka udongo wa mwisho akiangalia nyuma.

Nimewanyoa watu miaka sita nikiwa na neno hili kooni. Kila nilipotaka kulisema nikaona limeota mizizi zaidi. Biri zilikuwa kisingizio. Nilitaka tu uniandikie, nione kama bado unaandika.

Sikuombi kitu.

Wembe

6 Aprili

Wembe,

Mimi umeniambia. Sasa mwambie yeye. Usimwandikie, mwendee.

Pua

20 Aprili

Kaka Pua,

Mimi si mwandishi, nitakwenda kama ninavyoweza.

Wembe alinifuata kazini. Nilikuwa chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo la ghorofa tisa, na lifti nilikuwa nimeizima mwenyewe. Alipanda kwa miguu. Alipotokea mlangoni hana pumzi, nilijua kuna kifo.

"Nani?" nikamuuliza.

"Mama," akasema.

"Mama alishakufa, Wembe."

"Ndiyo kifo hichohicho," akasema, akakaa juu ya ndoo ya grisi na kunieleza yote.

Nilifunga boliti zangu, nikawasha lifti, nikamwambia ashuke nayo. Siku tisa sikupita mtaa wake. Mchumba wangu akaona ndevu zinaota mpaka shingoni. Nikamsimulia. Akaniuliza, "Na huyo mwingine, ulipoona hakuja, ulimwuliza kwa nini?" Nikasema hapana. Akaendelea kukunja mashuka. Hakuniambia neno jingine, na ningefurahi kama angeniambia.

Kesho yake nikaenda kwa Wembe. Walikuwepo wateja wawili. Nikangoja zamu, nikakaa kitini, nikasema, "Ninyoe." Akapaka sabuni, akashika wembe, akaugusisha shavuni, akauondoa. Nikamwambia, "Ukinikata, usiniogope mimi, muogope muuguzi." Hakucheka. Kitu cha moto kikanidondokea kwenye paji la uso, kisha kingine. Nikafumba macho nikamwacha amalize. Sijui nilimsamehe pale au nilishamsamehe njiani. Ninachojua nilitoka nimenyolewa vizuri kuliko siku zote.

Lakini barua hii si ya Wembe. Barua yako ya rambirambi niliipata. Uliandika, "Nimesikia leo." Nikaisoma nimesimama, nikasema, mwongo, nikaitia kabatini. Wembe alisahau siku mbili na akaogopa miaka sita. Mimi sikusahau wala sikuogopa. Nilikataa tu kuuliza, kwa kuwa kukukasirikia kulinipa kitu cha kufanya. Hilo ni langu, na ninakuomba radhi.

Njoo tarehe tisa. Muuguzi ameruhusu biri moja, si mbili, na iwe nje, mbali na nguo zilizoanikwa. Kama huwezi kuja nitaelewa. Kama hutaki kuja nitaelewa pia, ila nitakuja huko mwenyewe, na unajua nikiingia nyumba ya watu ninavyogonga kichwa.

Mdogo wako,
Ngazi

27 Aprili

Ngazi,

Nimeisoma barua yako ghalani, mlango umefungwa, nikawaambia wenzangu vumbi la majani limeniingia machoni. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja, hakuna aliyeniamini.

Nimekusamehe, hilo tulimalize. Na mimi nina langu. Nilikuwa na miguu na nauli. Ningeweza kupanda basi nije nikugongee mlango, nikutukane usoni kama ndugu. Badala yake nikakaa huku najiita mpangaji. Mama angetupiga wote wawili kwa mwiko uleule.

Sasa biri yako. Mchana wa jana sikula. Nilikaa sakafuni na makasha sita, nikawa nafungua moja moja. Nyeusi nimeziacha, ni za watu wanaotaka kuonekana. Ndefu nimeziacha, kwa sababu hujazoea, na ikifika katikati inakuwa kali, utaizima kwa adabu na kusema ilikuwa nzuri. Kulikuwa na moja nzuri sana, inanukia kama ngozi ya viatu vipya; nikaishika muda mrefu kisha nikairudisha. Ile ningependa mimi. Nikajikumbusha anayeoa ni nani.

Mwishowe nikamwendea mama mmoja msokotaji, mkongwe wa hapa, nikamwambia, "Nisokotee moja ya mtu asiyevuta." Akacheka. Akauliza, "Sasa ya nini?" Nikamwambia ya kunusa, na moto kidogo. Akaniambia nichague majani mwenyewe. Nikachagua ya chini ya mmea, mepesi, yaliyolazwa miaka minne mpaka ukali ukatoka ukabaki utamu. Ameisokota fupi, urefu wa kidole cha kati. Jani la nje halina mshipa. Nimeinusa mara nyingi kuliko kazi inavyotaka.

Za wenzako nimezifunga pamoja. Zote zinakuja kwa mkono wangu, kwa sababu posta simwamini mtu tena. Mwambie Wembe huo ni utani, asije akalia tena juu ya wateja.

Nafika Ijumaa tarehe nane.

Kaka yako,
Pua

Jumapili, 10 Mei

Mama Watoto,

Nimefika salama. Nakuandikia kwenye meza ya Ngazi, na yeye yuko jikoni anaunguza mayai huku akiimba puani.

Kituoni nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Ngazi alionekana juu ya vichwa vya watu wote kama bango. Aliponifikia akasema, "Umenenepa." Nikamwambia, "Nawe umefupika." Tukashikana, na maneno yangu yote yakapotea. Wembe alikuwa nyuma ya nguzo, ameshika mwavuli, na wala hapakuwa na dalili ya mvua. Nikamwendea. Nikamkabidhi sanduku, nikamwambia, "Beba, zito." Alilibeba mpaka nyumbani na akakataa kubadili mkono. Tukiwa kona ya mwisho nikampokea, akaniachia. Hatukusema zaidi ya hapo, na sidhani kama tutasema.

Karamu ilikuwa jana. Ungeona uwanja wenyewe ungecheka: viti vinne vya kinyozi vimetolewa nje, na mimi wa tano nikaketi juu ya kreti. Nikawafundisha kukata kichwa cha biri, kupasha moto bila kuunguza, kutomeza. Daktari wa meno alitafuna yake mpaka ikawa ufagio, akaisifu. Mwalimu wa kwaya alivuta mara mbili, akajaribu sauti, akaona iko, akatuimbia mpaka jirani akasogeza kiti chake dirishani. Wembe, yule mtu wa haraka, alikaa na ile ndefu saa nzima na nusu bila kusimama. Ngazi alikuwa anainusa yake tu. Nikamwambia, "Washa, bwana." Akasema, "Ngoja kwanza." Alipowasha alivuta mara tatu akakohoa mara nne, kisha akatulia, macho yamefumba nusu. Nikamwuliza, "Nimepatia?" Akatikisa kichwa kukubali. Unajua nimesifiwa na wenye viwanda, lakini sijawahi kupata sifa kama ile.

Leo asubuhi tulikwenda kaburini, sisi watatu. Niliogopa sana, kwa hiyo sitakueleza mengi. Tuling'oa majani. Nikamwambia Mama kwamba nimechelewa. Wembe naye alisema lake kwa sauti ya chini, tukasogea pembeni tukamwacha nalo mpaka alipomaliza.

Sasa sikiliza sababu ya barua hii. Tuliporudi tulimkuta bibi harusi na mama yake wanapanga viti vya harusi ya Jumamosi ijayo kwenye karatasi. Upande wa Ngazi kuna viti viwili vya wazazi. Mama mtu akauliza nani atakaa. Ngazi akasema wataweka maua. Muuguzi akainua macho. "Maua hayawezi kuitikia salamu," akasema. Akanigeukia: "Shemeji, wewe unamzidi miaka mingapi?"

"Minne," nikasema.

"Na mama mkwe wangu alikuwa anakuitaje?"

Nikamwambia.

Akaandika kwenye karatasi, akapiga mstari chini. "Basi mkubwa atakaa hapa na mkewe." Ngazi alikuwa anaitazama feni ya darini kama mtu aliyeitwa kuitengeneza. Hakuthubutu kunitazama, nami sikumtazama.

Kwa hiyo sirudi kwa basi la kesho kama tulivyokubaliana; barua hii nampa dereva wake akuletee. Panda basi la Alhamisi. Niletee suti ya kijivu, na wewe vaa lile gauni la buluu unalosema la vijana. Si la vijana. Omba ruhusa kazini, watoto waache kwa dada yako, na kiwandani waambie nina shughuli ya mdogo wangu.

Sijawahi kukaa kiti cha mbele mahali popote, mke wangu. Njoo ukae karibu nami.

Mumeo